Nilivyozima ugomvi wa baba na bamdogo uliokuwa unaandikwa nyuma ya Hiace

Mimi ni fundi rangi hapa Mbeya, nanyoosha bodi, napiga rangi, ila kinachonilipa hasa ni michoro na maandishi ya daladala na bodaboda. Sasa baba yangu ana Hiace na bamdogo naye ana Hiace, wote wako njia moja, wanapishana Mafiati hata mara kumi kwa siku, na kwa karibu mwaka mzima walikuwa hawasalimiani.

Chanzo ni laki nane. Walinunua gari ya kwanza pamoja wakaja kuiuza, hesabu haikukaa sawa, basi. Sitaki kuingia sana huko maana kila mmoja ana hesabu yake na zote ukizisikiliza zina mantiki.

Kilichoniumiza mimi ni kwamba walihamishia ugomvi kwenye migongo ya magari. Kule pwani wanawake wanapigana vijembe kwa kanga, hawa wazee wangu wakaona nao wana kanga ya bati. Alianza bamdogo, akaja gereji anacheka cheka, niandikie KIKULACHO. Nikaandika, hela ni hela, sikujua. Wiki haijaisha baba huyo, hasalimii vizuri, anataka DAWA YA DENI KULIPA, herufi nyekundu, kubwa zaidi ya zile za mdogo wake. Bamdogo akarudi na MKUBWA JALALA. Hapo ndo nikashtuka kwamba mwandishi wa vita ni mimi na nalipwa pande zote mbili! Mama akaniambia mwanangu hiyo hela unayokula ni ya ukoo unaokufa, na usiku huo ugali haukupita.

Baba alipokuja mara ya tatu (neno alilotaka siliandiki hapa) nikamwambia baba, herufi juu ya herufi zitapasuka, lazima nikwangue mpaka chini, niachie gari Jumatatu siku mbili. Hilo ni kweli kabisa. Bamdogo nikampigia, shikamoo bamdogo, herufi zako zimeanza kubanduka pembeni, niletee Jumatatu nirudie bure. Hilo nalo kweli, ile thina, maji ya kuyeyushia rangi, ilikuwa mbovu. Nisichosema ni kwamba Jumatatu ni ileile moja.

Baba alifika saa moja asubuhi. Mpaka bamdogo anaingia saa tatu nilishapiga msasa wa 320, nimebandika magazeti kioo cha mbele chote, hata angetaka kuondoka asingeona barabara. Baba akaniangalia, nikainama nikaendelea kusugua. Ya bamdogo nikaivamia hapohapo kabla hajashuka vizuri. Wakakaa, mmoja kwenye tairi huku, mwingine kwenye ndoo kule, katikati kompresa inanguruma.

Sasa ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita mnaijua. Kesho yake kwa haraka zangu nikapuliza asubuhi, umande bado, na rangi hizi za kukauka haraka zina tabia hiyo: thina inaruka upesi, bati linapoa zaidi, unyevu wa hewa unatua juu ya rangi mbichi. Dakika tano tu nyeupe yote imefanya ukungu, haina mng'ao, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nilitaka kulia.

Baba akasema, hamwambii mtu, "Amepuliza mapema mno."

Bamdogo kutoka kwenye ndoo: "Na mimi nilitaka nimwambie."

Nilikaa kimya kabisa, hata matusi ningepokea. Wakaanza kunisema wote wawili, sijui vijana wa siku hizi, sijui haraka, na kufika saa tano walikuwa wanaota jiko moja la mkaa na chai moja ya tangawizi. Nikasugua ule ukungu taratibu kwa msasa wa 600 na maji, nikangoja jua la saa saba, nikabadilisha thina nikaweka inayokawia kuruka, ikatoka safi. Siku mbili zikawa nne. Laki nane ilijadiliwa siku ya tatu, kwa sauti, mpaka majirani walichungulia, mimi nikajifanya nachanganya rangi.

Nyuma sikuandika kitu. Mbele, juu ya kioo, bila kugusa ule mstari wa rangi ya njia, nikachora herufi nene za grafiti zenye kivuli. Gari ya bamdogo UGONILE. Ya baba NDAGA. Kwa msio Wanyakyusa, ya kwanza ni salamu ya umeamkaje na ya pili ndo jibu lake, mdogo anaamkia mkubwa anaitikia. Baba alizunguka gari mara mbili, hakusema kitu, akawasha akaondoka.

Wakipishana sasa Mafiati magari yanaamkiana yenyewe, makonda ndo wanapiga kelele, na baba siku hizi anawasha taa. Laki nane haijaisha, imelipwa laki tatu.

Ila bamdogo ananisumbua, anasema G ya baba imenyooka halafu ya kwake imelala, nimrekebishie bure. Ni kweli imelala, vidole vilikuwa vimekufa ganzi siku ile. Nikamwambia bamdogo, dawa ya deni kulipa, lete ya rangi kwanza.