Miche ya Mkwajuni

Mwarobaini wa uwanjani kwa bibi, Mtongwe, babu aliupanda mwaka aliozaliwa mama. Chini yake ndipo kilipowekwa kitanda cha kamba mchana, ndipo wageni walipopewa maji, na ndipo nilipokogeshwa mimi nikiwa na miaka sita, mwili mzima umeniwiva tetekuwanga. Bibi alichemsha majani kwenye sufuria la shughuli, akayaacha yapoe, akanimwagia kata baada ya kata huku ananisomea. Uchungu wa maji yale yaliyoniingia mdomoni ningali naujua. Kwa hiyo Julai 2009, nilipoteremka feri ya Likoni na fremu mbili za mabomba ya plastiki begani, utepe wa kupimia na daftari, moyo wangu ulikuwa mzito. Nilijiona kama ninayekwenda kumhoji mzee wa nyumbani kwa kosa alilosingiziwa.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Mwalimu wetu wa ekolojia ya mimea alimpa kila mwanafunzi mmea mmoja mgeni ulioenea pwani, akauchunguze mahali anapopajua. Mwenzangu mmoja alipewa mvinje wa ufukweni, mwingine lantana. Mimi nikapewa mwarobaini, ambao wengine kwetu huuita mkilifi, nami nikabisha mbele ya darasa. Nilisema mwarobaini si gugu, ni dawa. Mwalimu hakukasirika. Alisema mmea hauitwi vamizi kwa kuwa una sumu au miiba. Huitwa hivyo ukiwa umeletwa na watu kutoka mbali, kisha ukatoka ulikopandwa, ukajizalia wenyewe porini bila kutunzwa, ukawabana wenyeji. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi na Burma. Dawa inaweza kuwa dawa uwanjani na ikawa vamizi hatua mia mbele.

Halafu akatusimulia habari ya mathenge, mti mgeni wa miiba, na hiyo ndiyo iliyoninyamazisha, maana ilianzia Mombasa hapa hapa. Mwaka 1973 mbegu zake zililetwa kutoka Brazil na Hawaii zipandwe kwenye machimbo ya Bamburi, pale mwamba ulipochimbwa kwa ajili ya saruji pakabaki jangwa jeupe lenye chumvi. Nia ilikuwa njema kabisa. Miaka ya 1980 mti huo ukapandwa Baringo kuzuia ardhi isigeuke jangwa, na leo wafugaji wa kule wanajua unavyofunga malisho na njia za maji. Katika machimbo yale yale mvinje, nao mgeni, ulishika mwamba mtupu, jongoo wakatafuna majani yake yaliyoanguka hadi ukapatikana udongo, na pakawa msitu unaotembelewa na watoto wa shule. Nilitoka darasani nikijua swali halina jibu la mkato, lakini bado nilitaka mti wa babu utoke safi.

Nyuma ya nyumba ya bibi, kabla ya kuteremka kwenye mikoko, kulikuwa na kichaka juu ya mwamba wa matumbawe. Hakuna aliyewahi kukilima kwa sababu udongo uko ndani ya nyufa tu. Kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu, zina wazee wa kuzilinda, na 2008 kadhaa kati yake zilikuwa zimeingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kichaka chetu hakikuwa na mlinzi ila mwamba. Mlikuwa na mibuyu miwili, mikone, mkwaju mmoja mkubwa, na mbambakofi ambao mafundi wa milango walikuwa wameutolea macho tangu mimi mdogo. Chini kabisa, maji yanapofika, ilianza michu, aina ya mikoko.

Nilianza asubuhi. Nikafunga utepe kwenye shina la mwarobaini, nikaunyoosha hadi kichakani, na kila baada ya mita kumi nikaweka fremu chini, mraba wa mita moja kwa mita moja, nikahesabu kila mche uliokuwa ndani. Hesabu niliyoitazamia ni ile ya vitabuni: miche mingi karibu na mama, ikipungua kadiri unavyokwenda mbali. Mita ya kumi nikapata michache, dhaifu. Ishirini, miwili. Thelathini, hakuna. Arobaini, hakuna. Nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi kuliko mtafiti anavyopaswa kufurahi. Nilikaa juu ya jiwe nikaanza kuiandika kichwani sentensi ya kuusafisha: mti huu hauendi popote, umetulia ulipopandwa.

Bibi alikuwa akinitazama kutoka mlangoni, ameshika ufagio wa chelewa. Akaja taratibu, kanga mabegani.

"Mume wangu, mbona wapima uwanja niliofagia?"

Nikamweleza utepe, fremu, mita kumi kumi. Akanisikiliza hadi mwisho kwa heshima zote, kisha akaelekeza ufagio kichakani.

"Popo hali papo alipochuma. Huchukua tunda akenda kula kwengine, penye giza, asije akanyang'anywa. Usiku nawasikia wakigombana kule. Nenda mkwajuni."

Mkwaju ulikuwa nje ya mstari wangu kwa hatua thelathini hivi. Nilipoinama kuingia chini ya matawi yake nilinusa kwanza harufu ya kinyesi cha popo, halafu macho yakazoea kivuli. Chini pote palikuwa pamesimama miche ya mwarobaini, majani yake yenye meno kama ya msumeno yakigusana. Katika nyufa za mwamba ilichomoza kama nywele. Niliweka fremu, nikapiga magoti, nikaanza kuhesabu. Nilipofika arobaini, idadi ile ile ya maradhi ambayo mti umeitiwa jina, sikuwa nimefika nusu ya fremu. Niliinua uso. Katikati ya miche kulikuwa na mingine iliyonifika kiunoni, na mitatu iliyokwisha kunipita urefu. Nikatafuta mche wa mbambakofi kwa dakika nyingi, nikizunguka na kurudi. Sikuuona hata mmoja.

Nilirudi kwa bibi nikamwambia alichokisema ndicho. Hakuonyesha kushangaa. Alisema miaka ya nyuma mkwajuni palikuwa wazi, yeye na wenzake wakiingia kuokota ukwaju bila kuinama.

Mwalimu alifika alasiri kwa matatu. Alimwamkia bibi, akanywa maji chini ya mti, akausifu kivuli chake, ndipo akaomba apelekwe. Mkwajuni alichutama, akaokota kokwa moja akaigeuza vidoleni. Akanieleza nilichokuwa nakikosa: popo hupenda nyama tamu ya tunda, kokwa huiacha ianguke, ndege nao hula, hata kunguru, ambaye mwenyewe ni mgeni kutoka Asia. Mbegu ya mwarobaini haikai sana. Wiki chache tu nguvu yake ya kuota imekwisha. Mahali penye kivuli na mvua ya masika ndipo pake hasa. Nikamwambia basi nimeshapata, mwarobaini ndio uliomaliza watoto wa mbambakofi. Akatikisa kichwa.

"Umepima ilipo. Hujapima ilichokifanya. Mbuzi wanaingia humu, na shoka naliona limepita pale. Andika ulichokiona."

Nilichukia siku ile. Leo, kila ninapotembea msituni na vijana na mmoja akaharakisha hukumu, ni maneno hayo ninayomwambia.

Kisha tukazungumza la kufanya. Mwarobaini ukikatwa huchipua kwenye kisiki, vichipukizi vingi mahali pa shina moja, kwa hiyo panga lingezidisha. Miche midogo ing'olewe kwa mkono na mizizi yake, ardhi ikiwa bado na unyevu. Mwalimu hakuutaja mti wa uwanjani, na mimi sikuthubutu. Bibi ndiye aliyeutaja.

"Mti wa mume wangu siukati. Nisitiriwe chini yake nikifa, maiti yangu ikingoja jeneza. Lakini hawa watoto wake walioingia kwa watu bila hodi, hawa nitawatoa."

Akakunja kanga, akasema Bismillahi, akang'oa wa kwanza. Ulitoka na mzizi mrefu mweupe uliofuata ufa wa mwamba. Akauweka mkononi mwangu, akainama tena. Tuling'oa sisi watatu hadi adhana ya magharibi, na eneo tulilolisafisha lilikuwa dogo kama mkeka wa kulalia.

Nilichagua miche kumi mizuri, yenye mizizi kamili, nikaifunga kwenye gazeti lililolowanishwa niipeleke chuoni ikakaushwe na kubandikwa. Ferini niliisimamisha kifuani isipondwe na watu. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliyaona majani yamechomoza juu ya gazeti, akasogea.

"Mwanangu, huo si mwarobaini? Nigaie mche mmoja nikapande. Huyu ana tetekuwanga, na kwetu Changamwe hapo nilipopanga hakuna mti."

Akanifunulia shavu la mtoto. Vipele vilikuwa vimepasuka, mtoto amechoka hata kulia. Feri ilikuwa imekaribia ng'ambo, watu wanaanza kusukumana kuelekea mlangoni. Nilifungua gazeti. Nikakwanyua majani ya mche mmoja baada ya mwingine, yote ya miche kumi, nikamjazia kwenye pembe ya leso yake. Nikamwambia ayachemshe, ayaache yapoe vizuri kabla ya kumkogesha. Akaniombea dua ndefu, akapotea katika watu. Mimi nikapanda kilima cha kutoka ferini na vijiti kumi vyenye mizizi, nikitafakari nitamwambia nini mwalimu.