Kiwanja cha Bagamoyo kaangalie masika

Watu wa Dar wanakuja sana huku kwetu kutafuta viwanja, Mapinga, Kerege, Zinga mpaka Kiromo, na wengi wanakuja mwezi wa kwanza au wa pili jua linawaka, dalali anawatembeza na bodaboda, ardhi kavu, vumbi tupu, hapo hata bwawa la kambale utaliona uwanja wa mpira. Mi nasema kiwanja cha Pwani kaangalie mwezi wa nne, asubuhi, mvua ikiwa imepiga usiku kucha. Na dalali akikwambia leo njia haipitiki tusubiri pakauke, basi jibu ushalipata.

Kama huwezi kusubiri masika kuna vitu vya kuangalia. Udongo mweusi wa mfinyanzi wenye nyufa za kuingia mguu, huo maji hayazami haraka. Matete nayo hayaotagi pakavu hovyo. Halafu kaangalie nyumba za majirani, plasta imebanduka usawa gani, ukutani kuna mstari wa tope au hamna, misingi yao mbona mirefu hivyo, na uulize vyoo vinajaa mwezi gani maana shimo likijaa maji ya mvua kisima cha jirani ndo kinakula hasara.

Mwenyekiti wa mtaa muulize lakini usiishie kwake, tafuta kina mama wanaolima hapo. Shemeji yangu alipelekwa eneo moja zuri bei poa, akamkuta mama analima jirani, mama akamuuliza baba we unataka kulima mpunga? Dalali akajifanya anaongea na simu 😂

Kingine, mvua sio lazima inyeshe kwako. Ruvu unatoka huko milima ya Uluguru ndo unakuja kumwaga baharini hapa Bagamoyo, kwa hiyo wakinyeshewa Morogoro wewe wa bondeni unaweza kupata maji huku umeanika nguo. Mpiji nao, ule wa mpakani na Dar, usiuone kiangazi ukadhani ni mfereji. Na ukiwa karibu na mikoko au vijito vya chumvi uliza kuhusu bamvua, zile siku bahari inajaa kupita kawaida, maana bahari ikijaa saa hiyohiyo mvua inanyesha, maji ya juu yanakosa pa kwenda yanakaa kwako.

Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe bila ujenzi wa kudumu, ila usidhani mita ya 61 ndo salama, bonde likiwa tambarare maji yanatembea mbali tu. Hati nayo inaonyesha mwenye mali ni nani, ila maji yanapita wapi kaulize ofisi ya ardhi wakuonyeshe mchoro wa mipango miji, na Google Earth ina picha za miaka ya nyuma, fungua za miezi ya mvua.

Wengine watakwambia mwaga kifusi unyanyue. Sawa, ila piga hesabu ya malori kabla hujalipa, kwanza ukinyanyua kwako maji yanaenda kwa jirani, naye mwakani akinyanyua yanarudi, mnaishia kwa mtendaji. Hela ya kifusi na msingi mrefu jumlisha kwenye bei ya kiwanja ndo ulinganishe na kile cha mwinukoni ulichokiona ghali, shemeji alivyojumlisha tofauti ilikuwa ya kununua bati tu.