Siku Moja Maishani Mwangu: Kutwa na Pilipili

Kazi yangu ni kuzalisha aina mpya za pilipili, na saa 12:30 asubuhi niko tayari kwenye kitalu nyumba. Kuchavusha hakungoji, maana ua la pilipili likishafunguka huenda limekwisha kujichavusha lenyewe. Natafuta matumba yaliyovimba, yale ya kufunguka kesho. Nalishika tumba kwa vidole viwili, naondoa petali kwa kibanio, kisha natoa vifuko vya chavua kimoja kimoja vikiwa bado vya zambarau na havijapasuka. Hapo ndipo napaka chavua ya baba na kufunga kibandiko: mama, baba, tarehe. Leo mama ni hoho, baba ni pilipili kali.

Saa 3. Kijana anayejifunza kazi ameniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo tunda litakalotoka hapa litawasha?" Nalipenda sana swali hili. Halitawasha. Ukali hutengenezwa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu, na utando huo ni mwili wa mama. Urithi wa baba unaingia ndani ya mbegu tu. Mbegu hizo zikipandwa, matunda ya miche yake ndiyo yatakayowasha. Kwa hiyo hoho iliyopandwa jirani na pilipili kali haigeuki kuwa kali msimu huohuo. Anayeweka mbegu zake ndiye atakayeshangaa baadaye.

Saa 5 tunakagua kizazi cha pili cha machotara, yaani wajukuu wa hoho na pilipili kali. Napasua tunda kwa urefu na kuliinamisha kwenye mwanga: likiwa kali, juu ya utando utaona vilengelenge vidogo vya majimaji ya manjano. La hoho lina utando mkavu, laini. Tofauti hiyo inatokana na jeni moja, Pun1, iliyo kwenye kromosomu ya 2. Hoho nyingi zimepoteza kipande cha jeni hiyo, na ni lazima mche urithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili ndipo usiwashe. Ndiyo maana katika kizazi hiki tunatarajia mikali mitatu kwa kila mmoja usiowasha.

Chakula cha mchana, upesi.

Saa 8 maabara. Kuwasha au kutowasha ni swali jepesi. Kuwasha *kiasi gani* ndiko kunakonichosha. Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville alikuwa akizimua dondoo la pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasihisi kitu. Sisi tunapima kapsaisini, kemikali inayowasha, kwa mashine ya kromatografia inayotenganisha kemikali za tunda, halafu tunageuza jibu kuwa vizio vya Scoville. Kapsaisini tupu hufika milioni 16. Lakini mashine haiondoi ugumu wenyewe. Jeni nyingi zinachangia kiasi hicho, na joto, maji na umri wa tunda navyo vinaingilia. Matunda mawili ya mche mmoja yanaweza kutofautiana waziwazi. Kwa maoni yangu, anayetangaza ukali wa aina mpya kwa kupima tunda moja anawadanganya wakulima.

Saa 11 navua glavu na kupaka mafuta mikononi kabla ya sabuni, kwa kuwa kapsaisini haikubali kuyeyuka vizuri kwenye maji. Kisha nachagua wazazi wa msimu ujao. Mche mkali kuliko yote nimeuacha. Nimechukua wa pili yake, kwa sababu matunda yake yote niliyopima yamekaribiana.