Oldupai, kuanzia chini

Watu wengi wanaofika korongo la Oldupai hufuata fuvu. Wanatoka kreta ya Ngorongoro, wanaelekea Serengeti, wanakata kulia penye sanamu ya yale mafuvu mawili makubwa kando ya barabara, wanaingia makumbusho, wanapiga picha, wanaondoka. Fuvu lenyewe, lile la Zinj, jamaa wa kale wa binadamu, aliloliona mwanaakiolojia Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Hapa korongoni kuna nakala. Kitu ambacho hakuna awezaye kukihamishia Dar ni ukuta uliolitunza fuvu hilo, na mimi nilikwenda kwa ajili ya ukuta.

Nilisafiri na dada mmoja mwanajiolojia. Kazi yake ni miamba tabaka, ile inayotokana na mchanga, tope au majivu ya volkano yanayotua, yakafunikwa na mengine, yakakandamizwa mpaka yakawa jiwe. Tulitoka Arusha alfajiri. Tulipopita Mto wa Mbu na gari likaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, akanionyesha mistari ya miamba na kuniambia nisichanganye mambo: mistari ile ni ya lava, moto uliomwagika na kuganda. Huko tuendako, alisema, volkano ipo pia, ila mwandishi mkuu ni maji.

Juu ya ukingo wa Ngorongoro kulikuwa na ukungu mzito, majani yanachuruzika maji, baridi ya kuvalia koti. Ukianza kuteremka upande wa magharibi, ukungu unaachia na nchi inabadilika mbele ya macho yako: nyasi fupi, migunga, vumbi. Milima inaikamata mvua na huku inafika kidogo tu. Hali hii si ngeni. Karibu miaka milioni mbili iliyopita milima hiyohiyo ilikuwa ikituma vijito bondeni, na vijito hivyo viliishia kwenye ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Maji yaliingia, jua likayanywa, chumvi ikabaki. Ziwa lilikuwa la magadi, jamaa ya Natron na Magadi za leo.

Makumbusho ya Oldupai yamejengwa ukingoni kabisa. Tulimkuta mzee wa Kimaasai ambaye angetuongoza.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibuni. Mnataka kwenda kwa Zinj?”

“Tunataka kuanzia chini kabisa, mzee,” dada akasema. “Kwenye jiwe jeusi.”

Mzee alimtazama, akatabasamu. “Basi nyinyi ni watu wa udongo. Twendeni kabla jua halijapanda.”

Kabla ya kushuka tulisimama kwenye kingo. Mbele yetu kulikuwa na mnara wa udongo mwekundu uliobaki peke yake baada ya mmomonyoko kula kila kitu kilichouzunguka, na nyuma yake ukuta wa pili wa korongo wenye rangi zilizopangana: weusi wa basalti, yaani lava iliyoganda, chini kabisa, kisha kijivu na rangi ya maziwa, kisha mkanda mwekundu usioweza kuukosa, kisha kahawia iliyofifia. Mjerumani Hans Reck, aliyefika hapa mwaka 1913, aliyapa matabaka namba kuanzia chini, I hadi V, na namba za chini zinatumika mpaka leo. Baadaye Richard Hay, Mmarekani aliyelitembea korongo hili kwa miaka mingi, aliyapanga upya yale ya juu na kuyaita Masek, Ndutu na Naisiusiu.

Kwa nini namba zianzie chini? Kwa sababu tope haliwezi kutua chini ya tope lililokwisha kutua. Hoja hii iliandikwa mwaka 1669 na Nicolaus Steno, mtu wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Italia, pamoja na nyingine mbili: kwamba mashapo hutua yakiwa yamelala sawa au karibu sawa, na kwamba tabaka huendelea pande zote mpaka likutane na kizuizi au lipungue lenyewe. Kwa hiyo ukiona mkanda mwekundu upande huu wa korongo na mkanda mwekundu ng'ambo, kwa kimo kilekile, ulikuwa mmoja. Mto ndio uliokuja kuukata katikati. Na ukiona tabaka la upande mmoja limeshuka ghafla kuliko la jirani yake, ardhi yenyewe imepasuka na kutelemka baada ya tabaka kutua. Nyufa za namna hiyo zipo kadhaa Oldupai. Ardhi ya upande wa mashariki, kwenye bonde la Olbalbal, ilididimia kwa njia hiyo, mto ukapata mteremko wa kuchimba, ndiyo maana leo tuna korongo. Penye kina kirefu ni mita 90 hivi.

Nilipiga hesabu ya haraka: miaka milioni mbili kwa mita 90, kila mita ni zaidi ya miaka elfu ishirini. Dada akanizuia. Wastani huo haumwelezi mtu chochote. Mita moja ya majivu inaweza kuanguka ndani ya siku chache. Mstari mweupe usiozidi upana wa kiganja, ukoko wa chokaa unaojengeka ardhini pasipotua kitu kipya, unaweza kubeba miaka maelfu. Na kuna mahali mmomonyoko uliondoa kile kilichokuwapo, kisha tope jipya likatua juu ya kovu. Anayesoma ukuta anasoma tope lililopo, na anatafuta pia muda uliotoweka.

Njia ya kushukia ni ya vumbi na mawe yanayoteleza, katikati ya mikonge pori ambayo Wamaasai huiita oldupai na iliyolipa korongo jina. Chini tuligusa basalti, nyeusi, ngumu, bado ina ubaridi wa usiku. Juu yake ndipo Tabaka la I linapoanza.

Dada hakuwa na nyundo. Hili ni eneo la hifadhi na hugongi ukuta bila kibali. Alikuwa na daftari, dira, lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni na kichupa cha tindikali hafifu. Aliokota bonge lililokwisha kuporomoka lenyewe, akalivunja kwa kidole, akaweka chembe kati ya meno ya mbele na kusaga taratibu.

“Jaribu.”

Nikajaribu. Hapakuwa na mkwaruzo wowote, udongo uliteleza tu ulimini, una uchumvi kidogo. Udongo laini kiasi hicho, alinieleza, hauwezi kutua kwenye maji yanayotembea, lazima yawe yametulia. Hapa palikuwa ziwani. Tukasogea hatua kadhaa kufuata ukuta, akaokota bonge lingine la kimo kilekile. Hili lilikwaruza meno, na kwenye lenzi lilikuwa na vijishimo vyembamba vinavyoshuka wima: njia za mizizi. Hapa palikuwa ufukweni, penye matete. Kwingineko katika matabaka haya ya ufukweni imepatikana mifupa ya heroe, ndege walewale wa waridi wanaoishi Natron leo, na heroe hana shughuli kwenye maji matamu.

Jambo hili lilinikaa kichwani kuliko yote niliyoyaona siku ile. Mstari mmoja wa ukuta, wakati mmoja, na ukitembea kando yake unatoka ziwani, unapita ufukweni, unafika kwenye kokoto za kijito. Kisha ukiinua macho unaona mambo hayohayo yamepangana kwenda juu: udongo wa ziwani, juu yake wa ufukweni, juu yake kokoto, halafu ziwa tena. Yaani ziwa lilikuwa likipanuka na kunywea, na kila liliposogea, ufukwe ulisogea nalo na kulala juu ya pale palipokuwa na maji. Hay alipoliona hilo aliweza kuchora ramani ya ziwa ambalo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuliona. Katika Tabaka la II, maji yaliponywea, yaliacha wazi vinundu vya cherti, jiwe gumu, vilivyotokana na magadi yenyewe, na waliokuwa wakiishi pale wakaviokota kutengenezea zana. Walitumia pia kwarzaiti ya vilima vya Naibor Soit, ambavyo mzee alituonyesha upande wa kaskazini.

Tulipanda hadi mahali pa Zinj. Pana bamba la kumbukumbu, na wataalamu hupaita FLK, K hiyo ikiwa ni korongo, la jina la Frida Leakey, mke wa kwanza wa Louis Leakey. Mzee hakuelekeza fimbo yake kwenye bamba, aliielekeza juu kidogo, kwenye ukanda wa kijivu. “Haya majivu,” alisema, “ndiyo yalimfunika.”

Majivu ya volkano ni zawadi kwa wanajiolojia. Tope la ziwa linatua mahali pamoja na kokoto mahali pengine, lakini majivu ya mlipuko mmoja yanaangukia ziwa, ufukwe na mbuga kwa wakati mmoja. Ukiutambua ukanda huo kwa chembe zake, unaweza kuufuata na kusema kwamba mfupa huu na zana zile za mbali kule ni za kipindi kimoja. Mengi ya Tabaka la I yalitoka volkano ya Olmoti, jirani ya Ngorongoro. Nilipotazama kwa lenzi niliona vipande vya fuwele vinavyometameta kwenye kijivu. Hivyo ni madini ya feldispa, na ndani yake kuna potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu huvunjika yenyewe, polepole mno: nusu yake inahitaji miaka bilioni 1.25, na baadhi yake hugeuka kuwa gesi ya agoni. Joto la volkano huifukuza agoni ya zamani, kwa hiyo hesabu inaanzia sifuri siku ya mlipuko. Mwaka 1961 wanasayansi Evernden na Curtis wa California, pamoja na Louis Leakey, mume wa Mary, walitangaza umri wa miaka milioni 1.75. Leakey mwenyewe alikuwa amekadiria chini ya nusu ya hapo. Vipimo vya baadaye vimesogeza umri wa mahali pa Zinj hadi milioni 1.84 hivi.

Angalieni hapo: hakuna aliyelipima fuvu. Kilichopimwa ni majivu, na bila kujua kwa hakika fuvu lilikuwa wapi kati ya matabaka, namba hiyo isingekuwa na maana yoyote. Mfupa uliookotwa bila tabaka lake hausemi kitu. Ndiyo maana nasikitika nikiwaona watu wakilipa mgongo korongo ili wapige picha na nakala ya plastiki.

Reck alilijua hilo kwa uchungu. Mwaka ule wa 1913 alikikuta kiunzi kizima cha mifupa ya mtu, mtu kama sisi, ndani ya Tabaka la II, na akaamini kwamba binadamu wa leo ni wa kale kiasi hicho. Mabishano yaliendelea miaka ishirini. Yaliisha pale udongo uliouzunguka mfupa ulipochunguzwa: ulikuwa na punje nyekundu za Tabaka la III na vipande vya ukoko wa chokaa. Punje za tabaka la juu haziwezi kuwamo ndani ya tabaka la chini yake kabla ya lile la juu kuwapo. Basi mtu yule alizikwa, baadaye sana, kwenye kaburi lililochimbwa kutokea juu. Punje chache nyekundu zilimaliza hoja ambayo mfupa wenyewe usingeweza kuimaliza.

Tuliushika huo wekundu wakati wa kupanda. Tabaka la III ni mashapo ya mito, na rangi yake ni ya chuma kilichoshika kutu hewani. Kufikia wakati huo ziwa lilikuwa limetoweka. Dada alidondosha tindikali kwenye kijiwe cheupe kilichoporomoka kutoka juu, kikachemka na kutoa povu: chokaa. Akaandika, akachora mstari daftarini, unene kushoto, aina ya udongo kulia. Mchoro wake wote ulianzia chini ya ukurasa.

Jua lilipoanza kupungua ukali tukaendesha kwenda kwenye mchanga unaohama, kaskazini mwa korongo. Ni tuta jeusi lenye umbo la mwezi mwandamo, majivu ya Ol Doinyo Lengai yaliyokusanywa na upepo, na husukumwa kuelekea magharibi mita kama 17 kwa mwaka. Mzee alirusha konzi moja juu na punje zikarudi chini pamoja badala ya kutawanyika, maana zina chuma cha sumaku na hushikana. Alituambia kwamba Lengai ilipolipuka mwaka 2007, majivu yaliangukia malisho na ng'ombe wakayakataa majani.

Dada alipiga magoti pembeni ya tuta, akakwangua kwa kiganja mpaka upande ukawa wima. Ndani kulikuwa na mistari myembamba, myeusi na ya kijivu, yote imeinamia upande mmoja, kule upepo unakoelekea. Aliweka dira, akasoma, akaandika. Majivu ya kupeperushwa na upepo yamo pia kwenye matabaka ya juu ya korongo, Masek na Naisiusiu, na mistari ikiinama namna hii ndani ya mwamba, mtu anaweza kusema upepo wa enzi hizo ulivuma kutoka wapi. Nilimuuliza kama tungeweza kurudi korongoni tukapime mistari ya Naisiusiu kabla ya giza. Mzee akatazama jua, akasema tukiondoka sasa hivi tutawahi.