Ruaha inalindwa, mto wake je?

Mtu akiniambia hifadhi fulani inasimamiwa vizuri huwa nauliza kitu kimoja tu, maji yake yanatoka wapi na nani kashika koki. Chukua Ruaha. Kwenye makaratasi iko poa kabisa, ipo tangu 1964, mwaka 2008 wakaiunganisha na Pori la Akiba la Usangu ikafika kilomita za mraba elfu 20 na ushee, ikawa kubwa kuliko zote Tanzania mpaka Hifadhi ya Nyerere ilipokuja 2019. Askari wapo, mageti yapo, vigingi vipo. Ila Ruaha Mkuu, mto wenyewe uliobeba jina, tangu 1993 unakauka kiangazi.

Nenda mwezi wa kumi ujionee, mchanga mtupu, viboko wamebanana kwenye dimbwi la tope, na tembo anachimba mchanga kwa mguu na mkonga mpaka apate maji, anakunywa taratibu hana haraka, nyuma yake pundamilia wanamsubiri aondoke ndo nao wasogee. Watalii wanapiga picha wanafurahi kweli.

Shida iko juu huko Usangu. Maji yanashuka toka milimani, yanapita mashamba ya mpunga ya Mbarali, yanaingia kwenye kinamasi cha Ihefu, alafu ndo yashuke mtoni huku chini. Sasa Ihefu ni kama bakuli na mdomo wake ni mwamba pale Ng'iriama, maji yakishuka chini ya ule mwamba basi, hayatoki tena hata kama humo ndani bado yapo.

Serikali ikaona mchawi ni ng'ombe. 2006 wafugaji wakahamishwa na mifugo yao, wengine mpaka Lindi huko, watu wakapoteza mali. Mto ukarudi? Wapi! Sumaye akiwa waziri mkuu alishaahidi tangu 2001 kwamba ikifika 2010 utatiririka mwaka mzima, nayo 2010 ikapita zake. Ng'ombe anakunywa anaondoka jamani, ila banio (lile lango la kuchepusha maji ya mto kwenda mfereji wa shamba) likiachwa wazi kiangazi wakati mpunga ushavunwa, maji yanatapakaa tu mashambani yanaishia kuliwa na jua.

Na simlaumu mkulima, mchele wa Mbarali tunaugombania wote, mi wa kwanza. Ninachosema ni kwamba askari wa hifadhi anaweza kumkamata mtu na pembe za ndovu lakini banio lililoko nje ya mpaka wake hana mamlaka nalo, maji yanasimamiwa na bodi ya maji ya bonde, kilimo wizara nyingine, umeme wa Mtera na Kidatu (unaotegemea mto huohuo!) wizara nyingine tena, kila mmoja anamsubiri mwenzie.

Mradi wa REGROW wa Benki ya Dunia, dola milioni 150, uliopitishwa 2017, angalau ulijaribu kushika utalii na umwagiliaji wa huko juu kwa pamoja. 2024 ukafutwa baada ya wanavijiji kulalamika kuhusu ukatili wa askari na kuhamishwa, na malalamiko mazito vile huwezi kuyapuuza, ila na ile kazi ya mifereji nayo ndo ikaondoka na mradi.

Mi ningetaka ripoti ya Ruaha ianze na kina cha maji pale Ng'iriama na mabanio mangapi yamefungwa kiangazi hiki, idadi ya watalii waiweke ukurasa wa pili huko.