Siku moja kati ya karakana na darasa la biashara

Saa 1:30 asubuhi

Karakana hufunguliwa nusu saa kabla ya kipindi. Kwanza maji hutolewa chini ya tangi la kompresa (mashine ya kubana hewa), kwa sababu hewa ikibanwa huacha unyevu, na unyevu huo ukifika kwenye spana za hewa huzifanya zishike kutu kwa ndani. Kisha lifti hupandishwa tupu ili kusikiliza kama kufuli za pande zote mbili zinashika kwa pamoja. Mwisho huhesabiwa vifaa ubaoni. Soketi ya 10 mm ndiyo hupotea. Daima ni hiyo.

Saa 2:00

Wanafunzi husoma teknolojia ya magari asubuhi na biashara mchana, na karatasi inayovuka nao kutoka kozi moja hadi nyingine ni kadi ya kazi. Juu huandikwa namba ya fremu, kilomita zilizosomwa na malalamiko ya mwenye gari kwa maneno yake mwenyewe. “Usukani unatetemeka nikikanyaga breki kwenye mwendo kasi” ni malalamiko. “Badilisha diski” (sahani ya chuma inayobanwa na breki) ni tiba iliyotangulia vipimo, na anayeanza kadi hivyo hatatafuta kitu kingine.

Saa 2:30

Gari hilo hilo la kutetemeka hupanda lifti. Mikono ya lifti hukaa chini ya sehemu zilizoonyeshwa na mtengenezaji, gari huinuliwa kiasi cha tairi kuachana na sakafu, husukumwa kwa mkono, na likitulia ndipo hupanda juu.

Vumbi la breki halipulizwi kwa hewa, hata pedi (vibao vinavyobana diski) zikiwa mpya, kwa sababu huingia mapafuni. Hulowanishwa kwa dawa ya kusafishia breki na kupokelewa kwenye beseni. Kalipa, yaani kifaa kinachosukuma pedi kwa pistoni, ikifunguliwa hufungwa kwa waya kwenye springi. Ikiachwa ining'inie kwa hosi (mpira wa mafuta ya breki), hosi huweza kuumia ndani bila dalili yoyote nje.

Sasa vipimo. Maikromita hupima unene wa diski sehemu nane kuzunguka, kama 10 mm kutoka ukingoni, na matokeo hulinganishwa na unene wa chini kabisa uliochapwa kwenye diski yenyewe. Tofauti kati ya sehemu na sehemu ndiyo hutetemesha kanyagio na usukani. Kisha diski hukazwa kwenye habu (kitovu kinachoshika diski na tairi) kwa nati zote, kipimo cha dayali (chenye mshale unaoonyesha diski inavyoyumba) huwekwa, na diski huzungushwa taratibu. Kwa magari mengi kikomo cha kuyumba ni karibu 0.05 mm, ila kitabu cha gari husika ndicho huamua.

Ikiyumba kupita hapo, wengi hukimbilia diski mpya. Wasikimbilie. Diski hutolewa, uso wa habu husuguliwa kutu kwa brashi ya waya, hurudishwa na kupimwa upya. Tabaka jembamba la kutu nyuma ya diski latosha kuiegemeza upande, na diski mpya ikifungwa juu ya kutu hiyo, mteja atarudi na malalamiko yale yale baada ya kilomita elfu kadhaa.

Kabla ya kurudisha pistoni nyuma, angalia kopo la mafuta ya breki: likijaa hadi juu litafurika, na mafuta hayo hula rangi ya gari. Breki ya mkono ikiwa ya umeme, kalipa za nyuma huwekwa kwanza katika hali ya matengenezo. Kuisukuma pistoni kwa nguvu bila hivyo huweza kuvunja gia za mota. Nati za tairi hukazwa kwa kuvuka upande hadi upande, kisha kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyagio hupampiwa hadi kiwe kigumu, maana mara ya kwanza huzama hadi sakafuni.

Saa 5:00

Umeme. Stata (mota inayowasha injini) ya gari la pili inazunguka kivivu. Betri iliyopumzika saa kadhaa na kusoma 12.6 V imejaa, 12.2 V ni kama nusu. Hii imejaa, kwa hiyo injini huzuiwa isiwake, waya mmoja wa multimita (kipimo cha umeme) huwekwa kwenye ncha hasi ya betri (si kwenye klampu), wa pili kwenye chuma cha injini, na ufunguo huzungushwa. Ikisoma zaidi ya 0.2 V, waya wa hasi au viungo vyake vinazuia umeme. Kusafisha kiungo ni kazi ya dakika chache. Bila kipimo hiki stata mpya ingefungwa, na ingezunguka kivivu vilevile.

Saa 8:00 mchana

Darasa la biashara, kadi zile zile mezani. Kosa la kwanza ni kuchanganya nyongeza juu ya gharama na faida ndani ya bei. Kipuri kilichonunuliwa 6,000 kikiongezwa 30% huuzwa 7,800, lakini faida ya 1,800 ni 23% tu ya bei hiyo. Anayetaka 30% ya bei agawe 6,000 kwa 0.7, apate 8,571. Na punguzo la 10% kwenye ile 7,800 huondoa 780, yaani kama 43% ya faida. Anayetoa punguzo bila kufanya hesabu hii anagawa mshahara wake.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye bei ya saa. Chukua gereji yenye mafundi 3, kila mmoja saa 176 kwa mwezi: jumla 528. Gharama za mwezi, mishahara ikiwemo, ni 900,000. Ukigawa moja kwa moja unapata kama 1,705 kwa saa. Lakini saa za kusubiri vipuri, kufagia na kurudia kazi hazilipwi na mteja. Zikiuzwa 65% tu, zimebaki 343, na kila moja lazima ibebe kama 2,622 kabla ya faida. Aliyetoza 1,705 ataona karakana imejaa magari, na mwisho wa mwezi atapungukiwa 315,000 asijue zimekwenda wapi.

Saa 10:00

Makadirio huandikwa: kazi mstari wake, vipuri mstari wao, vipimo vya asubuhi chini yake. Mteja akiona 0.12 mm kabla ya kusafisha habu na 0.03 mm baada ya hapo, hahitaji kubembelezwa.

Saa 11:00 jioni

Spana ya toki hurudishwa kwenye namba ya chini ya kipimo chake ili springi isikae imebanwa. Gari la tatu linasumbua kuwaka likiwa baridi tu, na sasa injini yake bado ni ya moto. Linalala ndani, ufunguo unafungiwa ofisini, na kwenye usukani hubandikwa karatasi: lisiwashwe na yeyote kabla mashine ya kusoma hitilafu haijaunganishwa asubuhi.