Aprili bwawani Mtera, membe wakibadili manyoya

Tulitoka Dodoma mjini saa tisa na nusu usiku kwenda kutazama ndege, mapema hivyo kwa ajili ya jua. Bwawa la Mtera liko magharibi ya ukuta wake na ya barabara ya Iringa, kwa hiyo asubuhi, ukisimama ufukwe wa mashariki, jua liko mgongoni na kila unyoya unaonekana. Alasiri jua linakupiga usoni na ndege wote ni vivuli vyeusi. Njia ni lami, kilomita kama 130 kupitia Fufu na Chipogolo. Punguzeni mwendo vijijini, maana punda hulala barabarani.

Mwaloni wavuvi walikuwa wanashusha perege.

"Mbukwenyi!" nikasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa!" akaitikia mzee mmoja.

"Shikamoo mzee. Maji yamepanda?"

"Marahaba. Yamepanda, tope lote limezama."

Hilo ndilo swali la kwanza Mtera, kabla hata ya kutoa darubini. Bwawa likijaa maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kikomo cha chini cha kuzalisha umeme ni 690. Yakishuka, tope hutanda, vitwitwi, ndege wadogo wa ukingoni, wanakuwa mbali mno na ukiwafuata unazama hadi magotini. Yakipanda, wanabanwa kwenye ukingo wa majani, hatua thelathini kutoka ulipo. Tuliwaona hapo, mikia ikipandashuka bila kupumzika.

Miti iliyozamishwa na bwawa bado imesimama, mikavu. Minandi walikuwa wametanua mabawa wayakaushe, kwa kuwa manyoya yao hulowa maji, na kulowa huko huwasaidia kupiga mbizi. Furukombe alishika tawi la juu kabisa. Hesabuni mti kwa mti kutoka kushoto, na mtumbwi ukipita, anzeni upya. Tulipoendelea bila kusimama, minandi waliohama tuliwahesabu mara mbili.

Lakini tulichofuata hasa ni membe wa mabawa meupe, ndege wa maji wanaohama. Msimu wote huku huwa wa kijivu hafifu, tumbo jeupe, na ni rahisi kuwachanganya na membe wa mashavu meupe. Aprili wanavaa nguo nyeusi za kwenda kuzaliana kwenye mabwawa ya Ulaya mashariki na Asia. Mmoja alipita karibu sana: kifua kilikuwa na mabaka meusi kama karatasi iliyodondokewa wino, chini ya bawa weusi ulikuwa umeshajaa karibu na mwili, mkia mweupe pe. Basi angalieni chini ya bawa. Yule wa mashavu hata akiwa na tumbo jeusi-kijivu, chini ya bawa hubaki mweupe.

Mto Kisigo unapoingilia bwawani tulisikia keremkerem wa Ulaya kabla ya kuwaona, "pruu, pruu" juu sana, kundi likielekea kaskazini. Mdiria mweusi-mweupe alisimama hewani akipiga mabawa, akajitupa, akatoka na kisamaki.

Darubini ya miguu mitatu ilikuwa na kazi mpaka saa tatu na nusu tu. Baada ya hapo joto linatetemesha hewa juu ya maji, na ukikuza zaidi unakuza mtetemo. Kamera msiielekeze kwenye ukuta wa bwawa.

Tulipofunga mizigo, membe wale wenye mabaka walikuwa bado wanachota wadudu juu ya maji, wakijilisha kwa safari. Kufikia mwisho wa Mei, wengi wao hawatakuwepo.